Mbio za Sakafuni na Mbio za Uwandani

Kiswahili ni lugha iliyolelewa pwani, na hekima yake ya kale ina ladha ya chumvi. Katika methali zake mbio hazikupewa sifa kubwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Mtembezi hula miguu yake. Hata kitendo chenyewe kimebeba mashaka ndani yake. Kukimbia ni kwenda mbio, na papo hapo kukimbia ni kutoroka jambo la kutisha. Kutokana na neno hilo moja lugha imewapata watu wawili: mkimbizi, ambaye ameacha kwao kwa hofu, na mkimbiaji, ambaye aenda mbio kwa kupenda. Mkimbizi haulizwi sababu, kwa kuwa sababu yake yaonekana nyuma yake. Mkimbiaji huulizwa kila siku: anakwenda wapi, na kwa faida gani?

Sakafu inayotajwa katika methali ile ni ya nyumba ya mawe na chokaa. Ina mwisho, na mtoto aichezeaye hufika ukingoni upesi. Lakini wengi wa watu waliolipeleka jina la Tanzania duniani kwa mbio hawakuzaliwa juu ya sakafu. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Gidamis Shahanga ni mtu wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma mwaka 1957, na Alphonce Simbu alizaliwa Singida mwaka 1992. Nchi yao ni uwanda wa juu, nchi ya mibuyu na miiba, ya mvua chache na upeo mrefu wa macho. Dodoma yenyewe iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na msafiri aendaye kaskazini kwa njia ya Kondoa na Babati huona ardhi ikizidi kumwinua. Katika nchi hiyo mtu aweza kwenda mbio siku nzima asiuone ukingo wo wote.

Basi yafaa kuuliza jinsi lugha ya sakafuni ilivyowasimulia watu wa uwandani. Je, masimulizi ya wakimbiaji hawa yameeleza mapenzi ya mbio, ya safari na ya kujaribu mambo magumu kwa sababu tu ni magumu? Au methali za kale zimewapokea mlangoni, zikawavika nguo zao wenyewe, na kuwapitisha mbele ya wasomaji wakiwa watu wengine?

Swali hili haliwezi kujibiwa pasipo kuitazama kwanza njia ya zamani. Kabla ya reli, uwanda wa kati ulikuwa njia ya miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali kwa kiu, ikaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, kisha ikashika njia ya Tabora. Wapagazi walichukua mizigo vichwani na mabegani, wakaenda na kurudi, na wengi wao hawakurudi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo ule wa miguu ulianza kupoteza kazi yake. Lakini kabla haujapotea ulikuwa umekwisha kuzaa maandishi. Hamed bin Muhammed, ambaye watu humwita Tippu Tip, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Na mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri kadha wa kadha walieleza walikokwenda na waliyoyaona. Mmoja wao, Selim bin Abakari, mtu aliyekuwa katika utumishi wa Wajerumani, hakuishia bara ya Afrika. Alifika Urusi na Siberia, akaieleza safari hiyo kwa Kiswahili.

Ubora wa maandishi hayo ni uaminifu wao kwa vitu. Msafiri hutaja mahali, hutaja bei, hutaja maji yaliyopatikana na maji yaliyokosekana. Hapambi. Msomaji aliyezoea nathari yenye mafundisho mengi hushangaa kuona kwamba Kiswahili cha zamani kile kiliweza kueleza mambo pasipo kuhubiri. Upungufu wake ni kwamba msafiri hasemi kuwa anapenda kusafiri. Sababu ya safari daima ni mali, au amri, au utumishi. Hata hivyo, mapenzi hujitokeza pasipo kuitwa. Mtu asiyependa kuona mambo hawezi kuyakumbuka kwa wingi namna ile. Katika orodha ndefu ya mito, miji, vyakula na desturi, shauku ya macho yamsaliti mwenyewe, na msomaji hujua kwamba mwandishi alifurahia kuwako huko, ijapokuwa hakuwa na neno la kukiri furaha hiyo. Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi: sauti ya mpagazi haimo. Aliyekwenda kwa miguu yake chini ya mzigo ndiye aliyeijua njia kuliko wote, lakini aliyeshika kalamu alikuwa mwenye mzigo. Hivyo urithi ulioachwa na njia ya uwandani una macho mazuri, lakini miguu yake haikusema.

Yadhaniwa kwamba mkimbiaji angekuwa mrithi wa mpagazi, na kwamba miguu ingeweza kusema kwa kinywa chake. Kwa mkimbiaji hakuna mzigo wala bwana wa mzigo. Lakini habari iliyo mashuhuri kuliko zote za mkimbiaji wa Tanzania yaonyesha jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mashindano ya Olimpiki ya mji wa Mexico, watu 75 waliondoka kwa mbio za kilomita 42 na mita 195. Mji ule uko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haitoshi kifua cha mgeni. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alimaliza kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho katika watu 57 waliofika, wakati jua limekwisha kuzama na wengi wa watazamaji wamekwisha kwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali ilimtuma ili azimalize. Mtengenezaji wa filamu wa Kimarekani Bud Greenspan aliieneza habari hiyo duniani, na tangu hapo jibu lile limerudiwa katika shule, katika mahubiri na katika hotuba za viongozi.

Hapana haja ya kuipunguzia habari hiyo thamani yake. Ni habari nzuri, na mtu aliyeitenda alikuwa na moyo. Lakini kazi ya uhakiki ni kusoma maneno yalivyo. Katika jibu lile, kama linavyosimuliwa kwa Kiswahili, kitenzi kikuu ni kutuma: nchi yangu haikunituma. Mtenda ni nchi. Mkimbiaji ni mtendwa, naye amefichwa katikati ya kitenzi kama silabi moja, -ni-, isiyoweza kusimama peke yake. Mtu aliyekwenda zaidi ya kilomita 42 kwa miguu yake amekuwa tarishi aliyebeba barua ya mwingine. Mpagazi amerudi, na mzigo umekuwa taifa.

Sababu za wakati ule zafahamika. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, Muungano ulikuwa wa mwaka 1964, na Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Nchi changa yahitaji watu wanaomaliza walichokianza, na kila mwalimu aliona katika habari ya Mexico somo lililokwisha andikwa tayari. Methali nazo hazikuona taabu. Mvumilivu hula mbivu. Mwenda pole hajikwai, na hata akijikwaa hufika. Mkimbiaji aliyekuwa wa mwisho alikuwa mkimbiaji pekee ambaye hekima ya sakafuni ingeweza kumpenda kwa moyo wote, kwa sababu alithibitisha kwamba mbio si jambo kubwa; jambo kubwa ni saburi.

Dalili ya kwamba masimulizi hayo yamemficha mtu yaonekana katika jambo lisilotajwa sana. Mwaka 1970, katika mashindano ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikwenda mbio za masafa yale yale, akawa wa tano kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni pungufu kuliko ule wa Mexico kwa zaidi ya saa moja na dakika kumi. Yaani mtu huyu hakuwa mfano wa unyonge unaostahimili. Alikuwa mkimbiaji hodari wa kweli, aliyerudi katika mbio baada ya siku iliyo mbaya kuliko zote maishani mwake. Kwa nini alirudi? Nchi haikuwa na deni lililobaki. Alikwisha kulilipa Mexico mbele ya dunia. Yawezekana alirudi kwa sababu alipenda mbio. Lakini masimulizi yaliyokwisha pata somo lao hayana haja ya mwaka 1970, na kwa hiyo huuacha. Aliyeumia akasifiwa, na aliyepona na kwenda mbio vizuri akasahauliwa.

Kama Akhwari ni mkimbiaji ambaye methali zilimpokea, Ikangaa ni mkimbiaji ambaye zilimkataa. Mtu huyu wa Dodoma, mwanajeshi mwenye umbo dogo, alikuwa na desturi ya kutangulia. Hakujificha katika kundi akingoja wengine wachoke. Aliondoka kwa kasi, akawaacha wenzake, akawalazimisha kuamua mapema kama watamfuata au hawatamfuata. Katika mji wa Brisbane mwaka 1982 yeye na Shahanga walitangulia mbali, hata Robert de Castella wa Australia akawafuata polepole, akampata Ikangaa karibu na mwisho, wakapokonyana uongozi, na Mwaustralia akashinda kwa sekunde 12 tu. Katika Boston Ikangaa alikuwa wa pili mwaka 1988, wa pili mwaka 1989, na wa pili tena mwaka 1990. Mara ya kwanza katika hizo tatu Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja.

Hapo methali ilijipatia shahidi. Wengi walioeleza mbio hizo walisema kwamba alikosea kutumia nguvu zake mapema, kwamba angalisubiri angalishinda, kwamba haraka yake haikuwa na baraka. Hukumu hii yaonekana kuwa ya haki, kwa kuwa hesabu iko upande wake. Lakini hukumu iliyo ya haki kwa hesabu yaweza kuwa si ya haki kwa mtu. Mwaka 1989 katika New York Ikangaa alishinda kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1, na muda huo ulibaki kuwa rekodi ya njia ile mpaka mwaka 2001. Kadhalika jirani yake wa kaskazini, Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alitangulia tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho katika mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 sekunde 32 na nukta 16. John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake karibu sana, naye pia alikwenda chini ya rekodi ya zamani. Watu walioshuhudia mbio zile wangekuwa na haki ya kuuliza ukingo ulikuwa wapi.

Jambo la kuangaliwa, hata hivyo, halikuwa kushinda wala kushindwa. Namna ya mtu kwenda mbio ni mtindo, kama mtunzi wa mashairi alivyo na mtindo. Hakuna mhakiki amwambiaye mshairi kwamba angalitumia bahari nyingine angalipata tuzo. Humsoma katika bahari aliyoichagua. Kutangulia ni kuchagua kuwa peke yako mbele ya njia, ambapo hakuna mgongo wa mtu wa kuutazama. Ni kuuliza swali mapema badala ya kungoja jibu la wengine. Katika mtindo huo yaonekana tabia iliyo karibu sana na kupenda safari: hamu ya kufika mahali kabla hapajakanyagwa. Anayemhesabia Ikangaa sekunde moja ya Boston na kumwita mtu asiye na busara amesoma mizani ya mwisho wa shairi na kuacha beti zote.

Mtu aweza kupinga hoja hii, na pingamizi lake ni zito. Aweza kusema kwamba mhakiki hana ruhusa ya kutia mapenzi katika moyo wa mtu ambaye hakuyakiri. Pengine Ikangaa alitangulia kwa hesabu tu, akijua kwamba hakuwa na kasi ya kutosha katika mita za mwisho, na kwamba njia pekee ya kushinda ilikuwa kuwachosha wenye kasi. Pingamizi hili halina budi kukubaliwa kwa nusu. Hesabu ilikuwako. Lakini kuna neno linalosimuliwa kuwa lake, kwamba nia ya kushinda si kitu kama hakuna nia ya kujiandaa. Katika neno hilo mtenda si nchi, wala si mashindano. Neno lazungumzia siku ambazo hakuna anayetazama: asubuhi za vumbi, kilomita zisizo na nishani, uchovu usio na mashahidi. Mtu aweza kutumwa kwenye mashindano. Hawezi kutumwa kila alfajiri kwa miaka mingi. Siku hizo huhitaji sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo ambayo masimulizi yangepaswa kuitafuta. Nusu ya pili ya pingamizi, basi, ni lawama kwa masimulizi yenyewe: kama ushahidi haupo, ni kwa kuwa aliyesimulia hakuuliza.

Upungufu huo wazidi kuonekana katika habari za wanafunzi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakimbiaji kadha wa Tanzania walikwenda kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita kando ya Ziwa Viktoria, alikuwa mmoja wao. Bayi alisoma huko. Shahanga wa Katesh alisoma huko. Nyambui na Bayi ndio waliopata nishani za fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Nyambui kwa mita 5,000 na Bayi kwa mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Shahanga alikuwa amekwisha shinda mbio ndefu za Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na mwaka 1982 alishinda mita 10,000 huko Brisbane. Muda wa kila mmoja umeandikwa hata nukta za sekunde.

Lakini yafikiriwe mambo ambayo msomaji wa Kiswahili hakuyapata. El Paso ni mji mkavu mpakani mwa Mexico, na kimo chake juu ya usawa wa bahari chakaribiana na kile cha Dodoma. Kijana aliyetoka Hanang alifika katika jangwa la watu wengine, akasoma vitabu mchana na kwenda mbio asubuhi na jioni, akisikia Kiingereza na Kihispania. Je, ardhi ile ilimkumbusha nyumbani, au ukavu wake ulikuwa ukavu mwingine? Aliwezaje kuwa mwanafunzi na mshindani kwa wakati mmoja, na ni kipi kati ya viwili hivyo kilichompa usingizi mzuri? Alipopanda ndege kutoka mji hadi mji kwa mashindano, aliiona Marekani, au aliona viwanja tu? Selim bin Abakari, aliyekuwa mtumishi asiye na chuo, aliwaachia wasomaji wa Kiswahili habari za Siberia. Wakimbiaji waliosoma chuo kikuu, waliozunguka dunia kuliko msafara wo wote uliopita Ugogo, wameachiwa wasomaji hao kama orodha ya saa na dakika. Kosa si lao. Kazi yao ilikuwa mbio. Ni fasihi iliyoshindwa kuwafuata, labda kwa kuwa yenyewe ilikuwa ikienda pole ili isijikwae.

Mwaka 2025 jaribio jipya lilikuja. Tarehe 15 Septemba, katika mji wa Tokyo, Simbu wa Singida na Amanal Petros wa Ujerumani walifika mwisho wa mbio ndefu za mabingwa wa dunia kwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha itazamwe ili ijulikane kwamba Mtanzania ametangulia kwa nukta tatu za sekunde iliyogawanywa mara mia. Tanzania ilikuwa haijapata kamwe dhahabu katika mashindano hayo. Ni rahisi kuona jinsi methali zitakavyomchukua Simbu. Alikuwa nyuma katika mita za mwisho, akasubiri, akapita: subira yavuta heri. Hata hivyo mfululizo wa miaka yake hauingii vizuri katika nguo hiyo. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya mwaka 2016, wa tatu katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, wa saba katika Olimpiki iliyofanyika mwaka 2021, wa kumi na saba katika ile ya Paris mwaka 2024, na wa pili Boston mwaka 2025. Mtu anayengoja mbivu hukaa chini ya mti. Huyu hakukaa. Alikwenda kutoka mji hadi mji kwa miaka tisa, akishuka na kupanda, na katika wingi wa miaka hiyo hakuna aliyeweza kumwahidi cho chote. Anayetaka kumsimulia Simbu kwa ukweli hana budi kueleza mwaka wa 17 kwa uangalifu ule ule anaotumia kueleza mwaka wa dhahabu.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba somo likipatikana haidhuru mtu akifichwa. Lakini wako wanaodhurika, nao si wakimbiaji mashuhuri. Katika shule za Dodoma, Singida na Manyara wamo wavulana na wasichana wapendao mbio. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huwatoa wilayani hadi mkoani, na mkoani hadi taifa. Kwa wengi wao hiyo ndiyo safari ya kwanza ya mbali: basi la alfajiri, bweni la shule ya ugenini, chakula chenye ladha isiyo ya nyumbani, rafiki mwenye matamshi mengine. Wakirudi huulizwa na wazee, kwa nia njema kabisa, michezo itawapa nini. Masimulizi waliyorithishwa huwapa majibu mawili tu: nishani, au utumishi kwa taifa. Jibu la kwanza ni la uongo kwa karibu wote. Katika watu 75 walioondoka Mexico mwaka 1968 mshindi alikuwa mmoja. Jibu la pili ni zuri, lakini halimfai mtoto ambaye hakutumwa na mtu, aliyeamka mwenyewe kabla ya jogoo kwa kuwa miguu yake ilimwamsha. Jibu la tatu, kwamba mbio na safari hupendwa kwa ajili yake zenyewe, na kwamba mapenzi hayo ni namna moja ya kuijua dunia, halimo katika vitabu vyake. Kwa hiyo mtoto huyo hulificha, au huacha mbio, au hujifunza kusema uongo katika insha ili apate alama.

Mifano ya kuandika vizuri zaidi haikosekani. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimchukua mwimbaji wa Unguja, mtu ambaye kipawa chake kilikuwa sauti na pumzi, akamfanya kuwa mtu anayestahili nathari ya heshima. Shaaban Robert ni mwalimu wa maadili katika kila ukurasa, lakini hakuliacha somo limeze sauti ya mwimbaji. Kama pumzi ya mwimbaji yastahili wasifu, pumzi ya mkimbiaji yastahili pia. Na mfano wa pili umetoka Dodoma yenyewe. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufa mwaka 1969, mwandishi wa historia na desturi za Wagogo, ndiye aliyeieneza ngonjera, utungo ambao watu hujibizana mbele ya hadhira mpaka hoja zote zisemwe. Shule za nchi nzima zimeifahamu. Upande mmoja wa ngonjera ya mbio ungekuwa wa mzee mwenye methali, naye angestahili kusikilizwa, kwa sababu ukingo upo na watoto huanguka. Upande wa pili ungekuwa wa kijana, naye hajapewa bado maneno ya kutosha ya kumjibu.

Kumpa maneno hayo si kazi ya wasimulizi wa redio wala ya viongozi wa michezo. Ni kazi ya waandishi, na vifaa vyake vyajulikana: uaminifu wa wasafiri wa zamani kwa vitu walivyoviona, heshima ya Shaaban Robert kwa mtu mwenye kipawa, na uadilifu wa ngonjera kwa pande mbili. Maswali yaulizwe wakati wenye majibu wangaliko: Edinburgh ilikuwaje baada ya Mexico, njia ya New York ilionekanaje kwa aliyekuwa mbele, El Paso ilinukia nini mvua ilipoinyeshea. Lugha ambayo imemfahamu mkimbizi kwa karne nyingi inaweza kumfahamu mkimbiaji pia, ikikubali kumsikiliza kabla ya kumfundisha.